Mkataba wa kuhudumiwa kiyoyozi kila mwaka: Je, una faida au ni mzigo kwa mwenye nyumba?

UPEPO wa kaskazi unapoanza kuvuma mwishoni mwa mwaka na joto kupanda katika miji ya Pwani, simu za mafundi wa viyoyozi huwa hazitulii. Mitambo iliyokuwa imezimwa tangu majira ya kusi huwashwa karibu kwa wakati mmoja, na si michache inayogoma. Mmoja hupuliza hewa vuguvugu, mwingine hudondosha maji ukutani, na wa tatu hunguruma kwa dakika chache kisha ukanyamaza kabisa.

Ni katika kipindi hicho ambapo wenye nyumba wa Nyali, Bamburi, Diani na Malindi huletewa pendekezo linalovutia. Badala ya kuhangaika kutafuta fundi kila mtambo unapoharibika, mteja hushauriwa alipe fedha kwa mkupuo mmoja, kisha fundi awe akija kukagua na kusafisha viyoyozi vyake mwaka mzima. Muuzaji wa mkataba huwa na methali tayari mdomoni: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Methali hiyo ni ya kweli. Hata hivyo, haimwambii mwenye nyumba ufa wenyewe uko wapi, nani anayeweza kuuziba, wala ni bei gani inayostahili kulipwa. Maswali hayo matatu ndiyo yanayoamua iwapo mkataba wa mwaka ni akiba au ni mzigo mwingine juu ya bili ya umeme.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba mkataba wa aina hii huuza vitu viwili vilivyofungwa pamoja. Kuna huduma, yaani kusafisha na kukagua mtambo ungali mzima. Kisha kuna ahadi, yaani hakikisho kwamba fundi atakuja haraka au kwamba gharama za ukarabati zitabebwa na kampuni mtambo ukiharibika. Huduma ni ya lazima kwa kila kiyoyozi. Ahadi ni ya hiari, na thamani yake hutegemea mteja ni nani na kilichoandikwa katika karatasi anayotia sahihi.

Jinsi mtambo unavyofanya kazi

Wengi hudhani kwamba kiyoyozi hutengeneza baridi. La hasha. Kazi yake ni kuhamisha joto kutoka ndani ya chumba na kulitupa nje. Ndiyo maana mtambo wa kawaida wa nyumbani una sehemu mbili: ile iliyoangikwa ukutani chumbani na ile inayowekwa nje. Sehemu hizo huunganishwa kwa mabomba ya shaba ambamo gesi maalumu huzunguka bila kukoma.

Katika sehemu ya ndani, gesi hiyo hupita kwenye mabomba yaliyozungushiwa visahani vyembamba vya alumini, ambayo mafundi huyaita koili. Hapo hufyonza joto la chumba. Kisha huvutwa hadi nje, ambako pampu iitwayo kompresa huishindilia kwa nguvu hadi ikawa moto kuliko hewa iliyoizunguka. Feni ya nje huipuliza, joto likatoka, na gesi ikarejea ndani kuanza safari upya.

Mtambo huo pia hukausha hewa. Kwa hakika, hiyo ndiyo kazi uliyobuniwa kufanya hapo mwanzo. Mnamo 1902, mhandisi Mmarekani Willis Carrier alibuni mfumo wa kudhibiti unyevu katika kiwanda kimoja cha uchapishaji mtaani Brooklyn, New York, ambako karatasi zilikuwa zikivimba na kunywea hata rangi zikawa hazikai mahali pake. Starehe ya binadamu ilifuata baadaye.

Katika mji kama Mombasa, ambako hewa hujaa unyevu takriban mwaka wote, kazi hiyo ya kukausha ni kubwa. Mtambo mmoja waweza kutoa lita kadhaa za maji kwa siku. Maji hayo hukusanyika katika kisahani kilicho chini ya koili ya ndani, kisha hutiririka nje kupitia bomba dogo la plastiki.

Ufa uko wapi

Kutokana na maelezo hayo, ni rahisi kuona mahali matatizo yanapoanzia. La kwanza ni vumbi. Hewa ya chumba hupitia kwenye kichujio kabla ya kufika kwenye koili. Kichujio kikiziba, hewa haipiti vizuri, chumba huchelewa kupoa, na kompresa hulazimika kufanya kazi kwa muda mrefu zaidi. Wizara ya Kawi ya Marekani imekuwa ikiwashauri wananchi wake kwamba kubadilisha kichujio kilichoziba kwa kilicho safi kwaweza kupunguza umeme unaotumiwa na kiyoyozi kwa asilimia kati ya 5 na 15.

La pili ni ukungu na utelezi unaoota mahali penye maji. Bomba la kutolea maji likiziba, maji hujaa na kufurika, rangi ya ukuta ikaharibika na dari ikaingia madoa. Aidha, ukungu unaopulizwa chumbani waweza kuwasumbua wenye pumu na wenye mzio.

La tatu, ambalo wakazi wa Pwani hulijua fika, ni chumvi. Upepo wa bahari hubeba chembechembe za chumvi ambazo hukaa juu ya visahani vya alumini na mabomba ya shaba ya mtambo wa nje. Chumvi ikikutana na unyevu, chuma huliwa polepole. Visahani humomonyoka na kuwa ungaunga, joto likakosa njia ya kutoka, na mwishowe bomba hupata tundu dogo ambalo gesi hupenyeza. Mtambo ambao ungedumu miaka mingi bara waweza kuzeeka mapema zaidi ukiwa mita chache kutoka ufuoni.

La nne ni nyaya. Viungo vya umeme hulegea kutokana na mtikisiko, hupata kutu na kuanza kupata moto. Hili ndilo tatizo la kuogopwa zaidi, kwa kuwa laweza kuteketeza si mtambo tu bali hata nyumba.

Kazi ya mwenye nyumba na kazi ya fundi

Baada ya kuutambua ufa, swali linalofuata ni nani wa kuuziba. Hapa ndipo wateja wengi hulipia wasichohitaji.

Kusafisha kichujio hakuhitaji fundi. Mtambo huzimwa kwenye swichi ya ukutani, kifuniko cha mbele hufunguliwa, na vichujio huchomolewa kwa mkono. Huoshwa kwa maji baridi na sabuni kidogo, huachwa vikauke kivulini, kisha hurejeshwa. Ni kazi ya dakika chache. Katika msimu wa joto yafaa ifanywe kila baada ya majuma mawili au manne, kutegemea wingi wa vumbi mtaani.

Hebu msomaji atafakari jambo hili. Mkataba wa kawaida humleta fundi mara mbili kwa mwaka. Kichujio hakiwezi kungoja miezi sita. Kwa hivyo, sehemu kubwa ya umeme unaoweza kuokolewa kwa usafi haimo mikononi mwa kampuni hata kidogo. Imo mikononi mwa mwenye nyumba, na ni ya bure. Anayetia sahihi mkataba kisha asahau vichujio vyake amenunua mwavuli na kuuacha nyumbani.

Mwenye nyumba pia anaweza kuondoa majani na takataka zilizorundikana karibu na mtambo wa nje, kuhakikisha nguo hazianikwi juu yake, na kuchungulia iwapo maji yanatiririka vyema.

Zipo kazi, hata hivyo, ambazo si za kujaribiwa na asiye na ujuzi. Kuosha koili kwa dawa ifaayo, kuondoa chumvi kwenye mtambo wa nje bila kukunja visahani vyake, kukaza viungo vya umeme, kupima mkondo wa umeme unaovutwa na kompresa, na kutafuta mahali gesi inapovuja ni kazi za fundi aliyesomea. Kwa nyumba nyingi, ziara moja kabla ya joto kuanza, yapata Oktoba au Novemba, hutosha. Kwa nyumba zilizo karibu na bahari, au zenye mitambo inayofanya kazi mchana na usiku, ziara mbili ni za busara: moja kabla ya kaskazi na nyingine baada yake.

Aina tatu za mikataba

Si mikataba yote iliyo sawa, ingawa majina yake hufanana. Kwa jumla, ipo ya aina tatu.

Aina ya kwanza hugharimia ziara za kusafisha na kukagua pekee. Mtambo ukiharibika, mteja hulipia kila kitu. Aina ya pili huongeza kazi ya fundi wakati wa ukarabati, lakini vipuri na gesi hulipiwa na mteja. Aina ya tatu hubeba vyote, vipuri vikiwemo, na kwa hakika ni bima iliyovishwa vazi la huduma.

Kosa kubwa linalofanywa na wateja ni kununua aina ya kwanza wakidhani wamenunua ya tatu. Hugundua ukweli siku kompresa inapokufa.

Hesabu ya nyumba moja

Ili faida na hasara zionekane wazi, na ichukuliwe mfano wa nyumba yenye viyoyozi viwili vya ukubwa wa 12,000 kwa kipimo cha BTU. Takwimu zifuatazo ni za kielelezo tu. Kila msomaji aweza kuziondoa na kuweka zake mwenyewe kutoka kwa bili yake na bei alizotajiwa.

Ikiwa kila mtambo huvuta wastani wa kilowati 0.8 kwa saa nane za usiku, viwili hutumia yuniti 12.8 kila usiku. Kwa bei ya mfano ya Sh30 kwa yuniti, hizo ni Sh384. Katika usiku 150 wa msimu wa joto, jumla ni Sh57,600. Ikiwa uchafu unapoteza asilimia 10 ya umeme huo, hasara ni Sh5,760 kwa msimu.

Sasa na ichukuliwe kwamba fundi hutoza Sh3,000 kuhudumia mtambo mmoja. Ziara moja kwa mwaka kwa mitambo miwili ni Sh6,000, na ziara mbili ni Sh12,000. Kampuni nayo inauza mkataba wa aina ya kwanza, wenye ziara mbili, kwa Sh16,000.

Kwa kuangalia umeme pekee, hakuna hata chaguo moja linalojilipia. Sh5,760 hazifikii gharama ya ziara moja, licha ya kwamba sehemu kubwa ya akiba hiyo hutokana na vichujio ambavyo mwenye nyumba angeweza kuviosha mwenyewe. Hivyo basi, muuzaji anayedai kwamba mkataba utajilipia kupitia bili ya umeme hana budi kuombwa aonyeshe hesabu yake.

Faida kubwa zaidi iko kwingine, nayo ni umri wa mtambo. Tuseme kiyoyozi kipya, pamoja na kufungwa, kinagharimu Sh60,000. Kikitunzwa kikadumu miaka 10, kila mwaka wake umegharimu Sh6,000. Kikipuuzwa kikafa baada ya miaka sita, kila mwaka umegharimu Sh10,000. Tofauti ni Sh4,000 kwa mtambo, au Sh8,000 kwa mitambo miwili.

Zikijumlishwa na umeme uliookolewa, faida ya utunzaji mwema katika mfano huu ni Sh13,760 kwa mwaka. Kiasi hicho kinazidi kwa mbali gharama ya ziara moja ya Sh6,000. Kinazidi kidogo gharama ya ziara mbili. Hakifikii bei ya mkataba ya Sh16,000. Kwa maneno mengine, huduma ina faida. Kinachotiliwa shaka ni zile Sh4,000 za ziada ambazo mteja hulipa ili ahudumiwe kwa mkataba badala ya kupiga simu mwenyewe.

Je, mkataba wa aina ya tatu? Tuseme unauzwa kwa Sh30,000. Ukiondoa ziara mbili zenye thamani ya Sh12,000, zinabaki Sh18,000 ambazo ni malipo ya bima. Mwenye nyumba anayeziweka fedha hizo kila mwaka katika Sacco au benki atakuwa na Sh54,000 baada ya miaka mitatu, kiasi kinachokaribia bei ya mtambo mpya. Kampuni haiwezi kutoa ahadi hiyo bila kujihesabia faida, kwa hivyo kwa mteja wa wastani bima ya namna hii hugharimu zaidi ya anachopata. Humfaa tu yule ambaye gharama ya ghafla ingemwangusha, au ambaye anajijua hana nidhamu ya kuweka akiba.

Yaliyofichwa katika maandishi madogo

Hata mkataba unaodai kubeba kila kitu huwa na mambo usiyoyabeba. Mengi ya mambo hayo ndiyo hasa yanayoua viyoyozi vya Pwani.

Kutu ya chumvi mara nyingi hutajwa kuwa uchakavu wa kawaida, hivyo hailipwi. Hitilafu zinazosababishwa na umeme kupanda na kushuka huondolewa, ilhali kukatika na kurejea kwa umeme kwa ghafla ni jambo ambalo kila mkazi wa Kenya amelizoea. Kifaa cha kukinga mtambo dhidi ya mawimbi ya umeme, ambacho hununuliwa mara moja, chaweza kuwa na manufaa kuliko ahadi isiyogusa tatizo hilo.

Kisha kuna suala la gesi, na hapa mteja anapaswa kuwa macho. Gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama mafuta ya gari. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyozibwa, na mtambo usiovuja waweza kukaa na gesi ile ile maisha yake yote. Fundi anayedai kila mwaka kwamba gesi imepungua na inahitaji kuongezwa anasema moja kati ya mambo mawili: ama kuna tundu ambalo hajalitafuta, ama hakuna tatizo na anauza hewa. Mkataba unaojivunia kuongeza gesi kila mwaka bila kutaja kutafuta panapovuja si wa kutiliwa sahihi.

Isitoshe, gesi inayovuja ina madhara nje ya nyumba. Mitambo ya zamani hutumia gesi ya R22, ambayo huharibu tabaka la ozoni linaloikinga dunia dhidi ya miale hatari ya jua. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987 na marekebisho yake, nchi zinazoendelea zilitakiwa kupunguza matumizi ya gesi za kundi hilo kwa asilimia 67.5 kufikia 2025, na zinatakiwa kufikia asilimia 97.5 ifikapo 2030.

Gesi zilizochukua nafasi yake haziharibu ozoni, lakini huchangia ongezeko la joto duniani. Kilo moja ya R410A ina nguvu ya kuhifadhi joto mara 2,088 kuliko kilo moja ya kaboni dayoksaidi kwa kipindi cha miaka 100, na R32, inayopatikana katika mitambo mingi mipya, mara 675. Ni kwa sababu hiyo mataifa yalikutana jijini Kigali, Rwanda, mnamo Oktoba 2016 na kukubaliana kuzipunguza nazo pia.

Hatua hizo zinamgusa mwenye nyumba moja kwa moja. Kadiri R22 inavyozidi kuadimika, ndivyo ukarabati wa mtambo unaoitumia unavyozidi kuwa ghali. Kununua mkataba wa mwaka kwa mtambo mkongwe wa aina hiyo ni sawa na kulipia matunzo ya jahazi lililokwisha kuoza mbao. Afadhali fedha hizo ziwekwe kando kwa ajili ya mtambo mpya wenye nyota nyingi katika kibandiko cha matumizi bora ya kawi, kilichoanzishwa nchini kwa kanuni za 2016.

Nani afaidike na nani aache

Licha ya tahadhari hizo, wapo watu ambao mkataba huwafaa. Wa kwanza ni yule ambaye mtambo wake ungali chini ya dhamana ya mtengenezaji. Baadhi ya dhamana hubatilika mteja asipoonyesha ushahidi kwamba mtambo ulihudumiwa na fundi aliyeidhinishwa. Hata hivyo, risiti za ziara moja moja zaweza kutosha, na ni vyema kuuliza kabla ya kununua.

Wa pili ni mwenye nyumba asiyeishi humo. Wakenya wengi walio ng'ambo au bara wana nyumba za kupangisha wageni Pwani. Kwao, kampuni inayokuja bila kukumbushwa ni jicho la ziada, na mgeni anayelala katika joto hatarudi tena. Mwenye nyumba wa aina hiyo pia hana mtu wa kumwamini kuosha vichujio.

Wa tatu ni familia yenye mzee, mtoto mchanga au mgonjwa anayedhurika na joto. Kwao, ahadi ya fundi kufika siku hiyo hiyo ina thamani isiyopimwa kwa yuniti za umeme. Lakini ahadi hiyo sharti iandikwe kwa saa, si kwa maneno kama "haraka iwezekanavyo".

Wa nne ni mwenye mitambo mingi, tuseme mitano au zaidi, ambaye anaweza kujadiliana apunguziwe bei hadi mkataba ukawa nafuu kuliko ziara moja moja.

Kwa upande mwingine, mwenye mtambo mmoja au miwili, aliye na fundi anayemwamini na asiyeona taabu kuosha kichujio, hana sababu kubwa ya kujifunga. Mpangaji naye asitie sahihi mkataba wowote kabla ya kusoma makubaliano yake ya upangaji, ili ajue ni nani mwenye wajibu wa kuutunza mtambo.

Penye moto, hesabu hubadilika

Hayo yote yanahusu mitambo ya kupoza. Mambo ni tofauti kabisa kwa mitambo ya kupasha nyumba joto, hasa inayochoma gesi au mafuta, kama wanavyojua Wakenya wanaoishi Uingereza na Marekani.

Kiyoyozi kilichopuuzwa kwa kawaida humchosha mwenye nyumba na kumla fedha. Tanuri la gesi lililopuuzwa laweza kumuua. Moto usiopata hewa ya kutosha, au bomba la moshi lililoziba au kupasuka, hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo humlevya mtu usingizini hata asiamke. Ndiyo maana nchini Uingereza kanuni za usalama wa gesi za 1998 humlazimisha mwenye nyumba ya kupangisha kuhakikisha vifaa vya gesi vinakaguliwa kila baada ya miezi 12 na fundi aliyesajiliwa, na kumpa mpangaji nakala ya matokeo. Tangu 2009, usajili huo umekuwa chini ya Gas Safe Register.

Kwa mwenye mtambo wa namna hiyo, ukaguzi wa kila mwaka si wa kupigiwa hesabu ya faida. Hata hapo, lakini, kinachookoa maisha ni ukaguzi wenyewe. Mkataba wa bima unaouzwa pamoja nao unapaswa kupimwa kwa mizani ile ile ya awali.

Funzo hilo linahusu pia maeneo ya baridi nchini kama Limuru, Nyahururu na hata Nairobi kati ya Juni na Agosti. Huko, wengi hawana mitambo ya kukaguliwa, bali jiko la makaa linaloingizwa chumbani na mlango kufungwa. Hakuna mkataba unaoweza kulifanya jiko hilo kuwa salama. Lifaalo ni kulitoa nje kabla ya kulala.

Maswali kabla ya kutia sahihi

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Mteja aliyeamua kununua mkataba anapaswa kupata majibu ya maandishi kwa maswali yafuatayo. Ni kazi gani hasa zitakazofanywa katika kila ziara, na ni ziara ngapi? Ni vipuri gani visivyolipiwa? Je, kutu, gesi na hitilafu za umeme zimo au hazimo? Fundi atafika baada ya saa ngapi akiitwa, na kampuni itafanya nini asipofika? Je, mkataba hujifufua wenyewe mwaka ukiisha, na unavunjwaje? Mwisho, ni nani atakayekuja: fundi wa kampuni au kibarua aliyeokotwa siku hiyo?

Maswali hayo si ya ubishi. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mteja haki ya huduma yenye ubora unaofaa na ya kupata habari anazohitaji ili afaidi alichonunua, na Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012 ilitungwa kwa msingi huo. Muuzaji anayekwepa kujibu amekwisha kujibu.

Awe na mkataba au asiwe nao, kila mwenye kiyoyozi anahitaji daftari. Humo iandikwe tarehe ya kila ziara, kazi iliyofanywa, kiasi cha umeme mtambo ulichovuta, na fedha zilizolipwa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Baada ya miaka miwili, daftari hilo litamwonyesha kama gesi imekuwa ikiongezwa mara kwa mara, kama fundi hufanya anachodai, na kama mtambo umekuwa ghali kuutunza kuliko kuubadilisha.

Kaskazi ijayo itavuma kama kawaida yake, na wauzaji wa mikataba watabisha hodi tena. Mwenye nyumba aliyeosha vichujio vyake, akamwita fundi mmoja mwaminifu kabla ya joto na kuweka akiba kidogo kando, ataweza kuusoma mkataba wao bila hofu, na kuukataa bila kujuta iwapo hauna kitu asichokuwa nacho tayari.